Mama Mkwe Amwone Twiga

Jumatatu, 7 Julai. Sabasaba.

Siku ya arobaini na tatu bila Pelagia. Uji umeungua. Sikujua kabisa kwamba uji unaweza kuungua. Nimekula hivyo hivyo, nimesimama, kwa sababu kigoda cha jikoni kimelowa umande.

Jikoni hakuna paa. Naliandika hili mapema nisije nikaonekana naficha. Mabati sita yaliyokuwa juu ya jiko letu sijayapoteza. Yako njia panda ya Nyegina, yamepigiliwa kwenye nguzo nne, na juu yake nimeandika kwa rangi nyekundu: STANISLAUSI SAFARIS, SERENGETI NA VISIWA VYOTE. Gari sina. Nilitaka kuanza na bango, gari lifuate. Nilimweleza Pelagia hivyo mwezi wa tano, mvua bado zinanyesha. Mke wangu alipika siku tatu ameshika mwavuli. Siku ya nne maji yakajaa kwenye sufuria ya sato. Hakupiga kelele. Alimchukua mtoto wetu Rebeka, wakapanda pikipiki, wakaenda kwa mama yake Butiama. Kwa jirani aliacha ujumbe mmoja tu: siku paa litakaporudi, na yeye atarudi.

Mtu wa kawaida angerudisha paa. Ndiyo maana akaitwa mtu wa kawaida!

Mimi nimekaa nikapima. Mabati yapo kila nyumba. Mke aliyeondoka kwa hasira harudishwi na kitu kilichopo kila nyumba. Atarudi mama yake akimwambia rudi. Na mama yake atamwambia rudi siku atakapoona kwamba mkwe aliyempata ni mtu wa maana. Sasa leo, nakwangua sufuria, nikakumbuka maneno ambayo Pelagia aliwahi kuniambia. Mama yake hulalamika kwamba magari ya watalii yanampita barabarani tangu akiwa msichana, wageni kutoka ng'ambo wanakwenda kumwona twiga, na yeye aliyezaliwa hapa hapa twiga anamjua kwa kalenda ya parokia.

Basi! Nitampeleka Mama Mkwe Serengeti. Tutaingilia Bunda, geti la Ndabaka. Atamwona twiga, atatoka humo machozi yanamtoka, atamwambia binti yake: mume unaye, nenda kwako. Nimekwangua sufuria yote kwa furaha. Sufuria imetoboka.

Jumanne, 8 Julai

Nimempigia shemeji yangu Mseti, kaka yake Pelagia, ndiye mkubwa wa nyumba tangu baba yao azikwe. Nimemweleza. Akauliza swali moja. Aliuliza mimi nitakaa wapi.

Nikasema kwenye gari.

Akauliza na mama je.

Nikasema kwenye gari.

Akauliza kama ni gari hilo hilo.

Nilikuwa najua, bila shaka. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawakai pamoja. Hawashikani mkono, hawali wakiangaliana, hawapishani njiani. Ukimwona anakuja unaingia shambani, uwe umevaa suti au hukuvaa. Nimeoa miaka tisa na uso wa Mama Mkwe nimeuona mara mbili, zote kwa bahati mbaya. Hata jina lake silitaji, wala humu sitaliandika. Yote haya nayajua. Ila nilikuwa nimefikiria sana upande wa twiga.

Nimejitetea. Nimesema mbona kanisani tunaingia jengo moja. Mseti akasema kanisa lina milango mitatu na padre katikati. Akasema, namnukuu, "Kwetu hatufanyagi hivyo, Stani. Rudisha mabati ya watu."

Mabati ya watu! Mabati yangu!

Alhamisi, 10 Julai

Nimepata ufumbuzi. Pazia.

Kwenye steshenari yangu pale stendi ya Musoma nina pazia la kupigia picha za harusi, limechorwa maporomoko ya maji na swala wawili. Nitalifunga katikati ya gari kwa urefu, kuanzia kwa dereva mpaka nyuma. Mama Mkwe kulia, mimi kushoto. Hanioni, simwoni. Mila imetimia na hifadhi tumeingia. Siku nzima nimejipongeza na mashine ya kudurufu imekula karatasi za watu nane bila mimi kukasirika.

Gari lenyewe pia limepatikana. Mashimba, dereva wa Bunda mwenye Land Cruiser ya watalii, anamwoza binti yake mwezi wa tisa. Tumekubaliana nitamchapia kadi zote za harusi, yeye atatupa gari siku moja. Kiingilio cha wenyeji nitajibana. Nimempigia Pelagia kumwambia. Hapokei simu yangu tangu aondoke. Amepokea Rebeka. Nimemwambia amwambie mama yake kwamba baba anaandaa jambo kubwa. Nikasikia Rebeka anauliza, na sauti ya Pelagia ikajibu kwa mbali. Rebeka akarudi akasema mama anauliza kama jambo hilo lina bati.

Ana miaka minane na hacheki anaposema hivyo.

Jumamosi, 12 Julai

Jaribio la pazia limeshindwa.

Mseti amekuja Bunda mwenyewe kukagua. Yeye alikaa upande wa mama yake, mimi upande wangu, pazia katikati, Mashimba akatuzungusha nyuma ya soko. Nilikuwa na karanga mfukoni. Nikajisahau. Mseti akasema kwa sauti kubwa kutoka upande wa pili kwamba anasikia ninavyotafuna, na kama yeye anasikia basi na mama atasikia, na mama akisikia mkwe anatafuna haondoki humo na heshima yake. Nikameza. Akasema amesikia nikimeza.

Kisha akaniuliza nikipiga chafya nitafanyaje. Kisha akauliza ikiwa simba atakuwa kushoto, mama ambaye yuko kulia atamwona kupitia wapi, kupitia swala wa kuchorwa? Mashimba alicheka mpaka akagonga toroli la mahindi.

Nimerudi nyumbani na pazia begani. Paka wa jirani analala jikoni kwangu, katikati kabisa, palipo na jua. Hata paka ameona kwamba hapa si jikoni tena.

Jumapili, 13 Julai

Nimeamka na jibu, na jibu lenyewe ni baya. Magari mawili. Mama Mkwe la kwanza, mimi la pili, nyuma kwa mbali. Hakuna atakayepinga. Shida ni kwamba mtu pekee ninayemfahamu mwenye gari na asiyeweza kukataa jambo la ukweni ni Gody.

Gody ni mwanyumba wangu. Ameoa Brenda, mdogo wake Pelagia. Anauza samaki soko la Mwigobero. Kila Krismasi anapeleka Butiama sangara mrefu kuliko benchi, na kila Krismasi mimi napeleka kalenda. Mimi najua nani anatajwa zaidi ukweni. Alipeleka mabati mapya ya nyumba ya Mama Mkwe mwaka jana bila hata kuombwa. Watu wa namna hii wanaharibu ndoa za wenzao.

Nimeenda kwake baada ya misa. Nilipanga kusema kwa mkato, kama mtu anayempa mwenzake nafasi. Nilijikuta naomba. Gody alisikiliza, akapangusa mikono, akasema sawa, Noah yake ipo, lakini ataendesha mwenyewe kwa sababu ameshaona ninavyoendesha pikipiki. Kisha akamwita Brenda na kumweleza habari yote. Alisema, mbele yangu, mimi nikiwa nimekaa pale pale, "Tumepata wazo."

Tumepata!

Jumanne, 15 Julai

Habari njema, za kwanza tangu mwezi wa tano. Mseti amekubali. Magari mawili, Jumamosi tarehe kumi na tisa.

Na tena! Rebeka amepiga simu yeye mwenyewe. Amesema bibi ameshafua kitenge cha Pasaka. Bibi amewatangazia wanawake wa jumuiya, na wamemwombea asiliwe. Bibi haulizi tena habari za mabati, anauliza habari za twiga, kama wanalala wamesimama. Na mama, anasema Rebeka, mama amesema nikimrudisha bibi salama na bibi akafurahi, basi tutaongea.

Tutaongea! Nimelirudia neno hilo mpaka mteja akaniuliza kama naongea naye. Nyumba hii ni kubwa mno kwa mtu mmoja. Usiku nasikia vitu vinaanguka jikoni na ni majani tu. Ningependa mtu wa kumwambia kwamba ni majani tu.

Nimechapisha fulana nane kwa watu wote, dereva akiwemo. Mbele: SAFARI YA MAMA. Nyuma, kwa herufi ndogo: mwenye wazo, S. Magige. Rangi ni bluu iliyoiva, karibu na nyeusi, kwa sababu ndiyo iliyobaki stoo. Imekaa vizuri. Gody amekataa ya kwake, amesema atavaa shati lake jeupe. Wivu unamtafuna.

Ijumaa, 18 Julai

Nimelala Bunda kwa Mashimba ili tuanze mapema. Nimepanga kila kitu. Kiti cha mbele cha Land Cruiser, karibu na dirisha, ni cha Mama Mkwe, ili aone kila kitu bila kuzibwa na mtu. Nilisisitiza sana. Pelagia, Brenda, Rebeka na Mseti watakaa nyuma yake. Mimi na Gody kwenye Noah, nusu kilomita nyuma. Tukitangulia sisi tutamtimulia vumbi mama wa watu, na hilo nalo ni kosa. Kwa hiyo vumbi tutakula sisi. Nimekubali. Kwa ajili ya Pelagia nitakula vumbi la wilaya nzima.

Naandika kila hatua ili baadaye niwaonyeshe watoto wetu. Sasa tunaye mmoja. Lakini tutaongea.

Jumamosi, 19 Julai

Nimekwisha.

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umevimba.

Asubuhi mambo yalikwenda vizuri. Land Cruiser ilitoka Butiama huku wanawake wanaimba, Rebeka aliniambia kwa simu wakiwa njiani. Bunda tukawafuata kwa mbali. Pale geti la Ndabaka kila mtu anatakiwa ashuke ahesabiwe. Mama Mkwe akabaki garini amejifunika kitenge kichwani, mimi nikajificha nyuma ya choo. Askari akahesabu akasema karatasi inasema wanane, yeye anaona saba. Mseti akamwonyesha choo. Askari akaja, akanihesabu, akaondoka. Mpaka hapo nilikuwa na furaha. Nilichungulia kidogo, nikauona mgongo wa Pelagia. Alikuwa amevaa fulana yangu. Ameivaa! Nilisimama nyuma ya kile choo nikawa na furaha ambayo siwezi kuieleza.

Ndani, vumbi. Sikuona mnyama hata mmoja. Niliona vumbi la Mashimba, na ndani ya vumbi mara moja kitu kama mkia. Gody alifunga vioo, joto likaingia, akafungua vioo, vumbi likaingia. Na vilipofunguliwa wakaingia mbung'o.

Sijui niwaelezeje. Nzi wa kawaida anatua. Mbung'o anapiga sindano. Na wote, nasema wote, walinijia mimi. Kwa Gody hawakugusa. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, akiwa ametulia na usukani wake, kwamba mbung'o hupendaga bluu na nyeusi, hata mitego yao watu wa hifadhi huishona kwa kitambaa cha bluu. Nikamuuliza mbona hakuniambia Jumanne. Akasema alidhani najua, si mimi ndiye mwenye kampuni ya safari.

Halafu pancha.

Kwenye hifadhi hairuhusiwi kushuka. Bango lipo, nimelisoma. Lakini gurudumu halibadiliki kwa maombi. Gody akashuka na jeki, mimi nikashuka na spana. Pale nje walikuwa wananisubiri wengine. Waliingia kwenye mikono, shingoni, ndani ya fulana. Nilivumilia mpaka nati ya tatu. Nati ya nne nikaivua fulana. Nikaanza kuizungusha juu ya kichwa. Nilikuwa naruka. Nilikuwa napiga kelele, nakiri. Suruali nayo, kwa sababu mkanda nilikuwa nimeulegeza kutokana na joto, ilikuwa imeshuka kiasi.

Na hapo Land Cruiser ikatokea kwenye kona. Walikuwa wanarudi. Walikuwa wameshamwona twiga.

Mama Mkwe alikuwa kiti cha mbele. Karibu na dirisha. Ambako nilisisitiza.

Mara ya tatu kuuona uso wake. Macho yalikuwa makubwa sana. Kisha kitenge kikafunika kila kitu, na Brenda akapiga yowe, na Mashimba badala ya kupita haraka akasimamisha gari, kwa sababu Msukuma huyu na yeye ni mtu wa kusaidia. Mimi nikakimbilia nyuma ya Noah. Noah ni fupi.

Askari mmoja wa hifadhi akaja na gari lao. Ryoba, jina lilikuwa kifuani. Akafoka. Akasema simba watatu wako kwenye majani yale, tunaona majani yale? Akaniamuru nipande Land Cruiser mara moja. Nikakataa. Akauliza kama nimechanganyikiwa. Nikasema afadhali simba. Alikuwa ameshafungua daftari la faini wakati Mseti aliposhuka akamnong'oneza sikioni.

Ryoba ni mtu wa Tarime, mila ya ukwe anaijua. Alivua kofia. Alitazama lile gari lenye kitenge, akanitazama mimi na fulana yangu mkononi, akafunga daftari. Akasema kwa sauti ya chini, "Pole sana ndugu yangu. Hilo limezidi simba." Aliiamuru Land Cruiser iondoke bila kugeuka nyuma. Faini hakuandika. Afadhali angeandika. Alinitazama kama mtu aliyefiwa.

Nimetolewa hifadhini juu ya tipa la kubeba moramu ya barabara, Noah ikabaki na pancha yake. Gody aliwekwa mbele na dereva, kwa sababu alikuwa na shati.

Jumapili, 20 Julai

Sikwenda misa. Jicho moja halifunguki.

Mseti ametuma ujumbe. Mama tangu jana hajatoka chumbani. Wanawake wa ukoo wamekaa. Wamesema lazima aoshwe aibu: nipeleke beberu mweupe asiye na doa, na mpaka achinjwe mimi nisisogelee Butiama, na habari ya Pelagia kurudi kwangu isizungumzwe kabisa, maana mke hawezi kurudi kwa mtu ambaye mama yake amemwona hivyo.

Nimempigia Rebeka. Nilitaka nisikie tu sauti. Nikamuuliza bibi alionaje. Akasema bibi aliwaona twiga watatu, wawili na mtoto wao, na alishika mdomo, na alisema wanatembea kama watu wanaokwenda komunyo. Halafu akakuona wewe, baba. Nikamuuliza mama anasemaje. Akasema mama yuko chini ya mti wa mapera peke yake na hataki kuongea.

Kwa hiyo alimwona twiga. Hilo nililitimiza. Dakika kumi na tano nzima nilikuwa mkwe mzuri na sikujua.

Jumanne, 22 Julai

Nimemfuata Gody tugawane beberu. Na yeye alishuka garini, na yeye ni mkwe, na yeye alionwa. Akasema alionwa amevaa. Nikasema kuonwa ni kuonwa. Akasema twende tukawaulize wanawake wa ukoo kama ni sawa. Nikaacha.

Beberu nimempata Kiriba, mweupe. Ana doa dogo nyuma ya sikio. Nikalipaka ule wino mweupe wa kufutia makosa kwenye karatasi, tunauza dukani. Amelamba. Doa limerudi na beberu akaanza kupiga chafya. Nimembadilisha kwa mwingine, ghali, mkubwa, mwenye dharau usoni. Mseti amemchukua kwa pikipiki. Alinipigapiga begani mara mbili, nami nusura nilie pale barabarani.

Alhamisi, 24 Julai

Sina mpango wowote.

Niandike tena, kwa sababu haijawahi kutokea tangu kidato cha pili. Nimeamka, nimetazama ukutani, hakuna kilichokuja. Nimekaa kitandani mpaka saa nne nikisubiri wazo. Nilikuwa namfikiria Pelagia, basi, bila njama ndani yake. Anavyofunga kanga kabla ya kuwasha moto. Anavyosema "wewe naye" bila kumalizia sentensi. Miaka tisa nilikuwa nasubiri amalizie. Ningetoa chochote leo aianze tu.

Kwa kuwa sina la kufanya, nikaenda njia panda na nyundo nikaling'oa bango. Hakuna aliyewahi kupiga namba ile zaidi ya mtu mmoja aliyekuwa anamtafuta fundi wa redio. Nimeyabeba mabati kichwani, mawili mawili, mara tatu. Nikayapigilia juu ya jiko. Sikuyapanga kwa mpangilio wa maandishi, nilichoka, kwa hiyo ukisimama nje unasoma GETI, halafu NISLA, halafu kichwa chini VISI. Saa kumi jioni nikamaliza. Paka alinitazama kwa chuki akaondoka.

Nimepika uji. Haujaungua. Nimeunywa peke yangu chini ya paa, na sijawahi kunywa uji wenye huzuni namna ile.

Ijumaa, 25 Julai

AMERUDI!

Saa tano asubuhi. Pikipiki ikasimama, akashuka Rebeka, akashuka Pelagia. Hakunitazama mimi kwanza. Alitazama juu ya jiko, akasogea, akashika ukingo wa bati akalitikisa kuona kama limeshika. Limeshika. Ndipo akanitazama, uso wangu bado una nundu, akasema, "Wewe naye." Akafunga kanga akawasha moto.

Niliingia chumbani nikajipangusa macho. Naandika ukweli.

Amenieleza mambo mawili wakati akikoroga mboga. La kwanza: beberu alichinjwa Jumatano, mama yake akatoka chumbani, akala, halafu katikati ya chakula akaanza kucheka. Alicheka mpaka wakampigapiga mgongoni. Hajawahi kucheka tangu baba yao azikwe, miaka miwili na nusu. Alikuwa anainua mkono na kuuzungusha juu ya kichwa, kisha anaanza upya. La pili: jana jioni mtu wa Nyegina alipita Butiama akasema jiko la Stani limeezekwa. Asubuhi Pelagia na Rebeka wakaondoka. Kisha Pelagia akanyoosha mwiko, akasema neno safari asilisikie tena humu ndani. Hata moja. Akilisikia, safari hii ataondoka na hatauliza habari za paa.

Nikasema sawa, mke wangu. Nilikuwa na furaha kiasi kwamba ningesema sawa kwa lolote.

Jumapili, 27 Julai

Siku mbili nimelala vizuri, nimekula dagaa wa nazi, na akili imerudi. Nimekaa chini nikachambua yaliyotokea, kwa utulivu, kama mtaalamu.

Pelagia anadhani amerudi kwa sababu ya paa. Ni kawaida ya watu kutaja kile kilichotangulia kwa karibu. Ukweli ni kwamba Serengeti ilifanya kazi, ila inachukua siku sita kuingia. Mama alimwona twiga, mama akacheka, nyumba ikafunguka. Hesabu ni rahisi! Makosa yalikuwa mawili tu: rangi ya fulana na urefu wa Noah. Wazo lenyewe halikuwa na kasoro.

Sasa mtu akishacheka mara moja baada ya miaka miwili na nusu, unamwacha hivyo hivyo? Huo ni ukatili. Nimeamua tumpeleke Mama Mkwe kisiwa cha Rukuba. Kwenye maji! Mitumbwi miwili yenye injini, yeye wa kwanza, mimi wa pili. Ziwani hakuna pancha. Hakuna mbung'o. Hakuna kona mtu atokee ghafla, unamwona mtu kilomita tatu kabla. Fulana zitakuwa nyeupe. Gody hataambiwa mpaka siku yenyewe. Na neno lile Pelagia alilolikataza sijalitumia popote, nimeandika "matembezi", kwa hiyo hakuna ahadi niliyovunja.

Barua ya kumweleza Mseti nimeiandika jana, kurasa nne na ramani. Nikaiacha mezani nikaenda misa ya kwanza. Niliporudi nikaikuta imefunguliwa, imewekwa vizuri chini ya kikombe. Pelagia ameisoma yote. Hajagomba! Yuko chumbani na Rebeka, anakunja nguo anaziweka kwenye begi kubwa. Zake zote, za mtoto zote, hata sweta, hata picha yetu ya harusi ya ukutani. Nimemwambia kupitia mlangoni kwamba Rukuba ni siku moja tu na bado sijapanga tarehe. Lakini yeye ndivyo alivyo, akishalipenda jambo hujiandaa mapema.